Usenge na Shauri la Kuwakutanisha Majirani

Msafiri atokaye Kisumu kwenda Usenge hupita Bondo kwanza, kisha hushika njia ya magharibi, mpaka nchi ya Yimbo ifunguke mbele yake. Karibu na mwisho wa safari, mahali paitwapo Goye, barabara hupita juu ya tuta, pale ambapo maji ya Ziwa Sare hupata njia ya kuingia katika Ziwa Victoria. Mwaka 2020, Ziwa lilipojaa hata kufikia kipimo cha mafuriko ya mwaka 1964, watu wa kando hii yote waliona maji yakiingia mashambani na majumbani mwao. Hawajasahau. Mtu akiuliza leo mahali pa kujenga kibanda karibu na maji, huonyeshwa kwanza maji yale yalifika wapi.

Akiisha kufika, msafiri huona vitu vitatu kwa mara moja. Nyuma yake uko mlima uitwao Got Ramogi, wenye msitu ambao Waluo huuheshimu, kwa sababu mapokeo yao husema kwamba hapo ndipo Ramogi Ajwang' alipofanya maskani yake alipoingia katika nchi hii. Miguuni pake uko ufuko wa Usenge, ambao kila mtu huuita bichi, wenye mashua zilizopakwa rangi nyingi, nyavu zilizotandazwa, na omena walioanikwa juani. Na mbele yake, ng'ambo ya maji, kiko kisiwa cha Mageta. Wazee hukikumbuka kisiwa hiki kwa jambo la huzuni, maana katika Hali ya Hatari ya miaka ya 1950 watu waliokamatwa kwa shauri la Mau Mau waliwekwa kizuizini huko, mbali sana na makwao.

Mlima, ufuko na kisiwa: hayo ndiyo makundi matatu ya majirani wa Usenge. Watu wa upande wa mlima ni wakulima wa mtama, mahindi, mihogo na viazi vitamu, nao ndio wenye ardhi, waliozikwa babu zao pale pale. Watu wa kisiwani ni wavuvi na wakulima pia, lakini mtu wao akiugua sana, au akitaka kwenda Bondo kwa shauri la serikali, hana budi kuvuka maji. Watu wa ufukoni ndio wa kila namna. Tangu biashara ya mbuta ilipokua katika miaka ya 1980 na samaki wakaanza kupelekwa nchi za ng'ambo, fukwe za Ziwa zimevuta watu kutoka kila upande. Wako wenye mashua na wenye kuajiriwa kuvua, wachuuzi wa samaki, mafundi wa mbao na wa injini, wapishi wa hoteli, na vijana waliokuja kwa wiki moja wakakaa miaka kumi.

Mgeni wa namna hiyo Waluo humwita jadak, yaani mtu akaaye katika ardhi ya ukoo usio wake. Neno hilo si tusi, lakini si neno jepesi pia. Mwenye kuitwa hivyo hujua kwamba katika mabaraza ya ardhi sauti yake haitasikiwa sana. Huko ufukoni, tena, watu wengi hawajulikani kwa majina yao ya kweli. Mwanamke aliyetoka Uyoma huitwa Nyar Uyoma, na mwanamume wa Alego huitwa Ja-Alego, na wengine hupewa jina la mchezaji wa mpira au la mashua wanayoivua. Majina haya yanatosha kwa kununua na kuuza. Hayatoshi siku mashua isiporudi. Kijana akifa maji, na watu wa ufukoni wanamjua kwa jina la utani tu, nani atapeleka habari kwa mama yake, na aipeleke wapi? Jambo hili wavuvi wenyewe hulitaja kwa sauti ya chini, kwa kuwa kila mmoja hujiuliza kama kwao kunajulikana.

Ndiyo maana shauri la kuwakutanisha majirani hawa si shauri la furaha tu, ingawa furaha nayo si kitu cha kudharauliwa.

Mtu anaweza kusema kwamba watu wa Usenge hukutana mara nyingi mno. Ni kweli kwamba hukutana matangani. Katika nchi ya Waluo mazishi ni mkutano mkubwa kuliko yote, na msafiri atakayetazama jinsi unavyopangwa ataona akili nyingi. Habari ya msiba ikifika, jioni ile ile kamati hukaa. Mmoja hupewa daftari la michango, mwingine maji na kuni, mwingine hema na viti, mwingine gari la kuchukua maiti, na akina mama hugawana masufuria bila ya kuandikiana barua. Kwa siku chache mamia ya watu hulishwa, hulazwa na kurudishwa makwao. Kijiji kiwezacho kufanya hayo katikati ya machozi hakina haja ya kufundishwa kupanga siku ya furaha. Lakini watu wenye ustadi huo hawaitwi wakati wa kupanga michezo. Huachiwa vijana, nao vijana huanza kwa kutafuta kipaza sauti kabla ya kufikiri habari ya maji ya kunywa.

Zamani palikuwa na njia nyingine ya kukutana, nayo ni saga. Mwenye shamba aliwaalika majirani kulima siku moja, akawapikia chakula na kuwatengenezea pombe, na kesho yake akaenda kwa mwingine. Watu walikuja wakiwa na majembe yao, na aliyekula bila kulima alijulikana. Pamoja na kazi walikuwa na michezo: mieleka, ambayo Waluo huiita olengo, adhula, mchezo wa kupiga mpira kwa fimbo, na ajua, bao la wazee. Sikukuu za siku hizi zimehifadhi michezo na kuacha kazi. Yamkini hapo ndipo zilipopungukiwa.

Sasa katika kupanga siku yenyewe, jambo gumu la kwanza ni tarehe, na katika Usenge tarehe ina mambo mengi kuliko mahali pa bara. Omena huvuliwa usiku kwa taa. Zamani ilikuwa karabai, na siku hizi wengi hutumia taa za betri au za nguvu za jua. Omena huja kwenye mwanga pale tu usiku unapokuwa na giza. Mwezi ukiwa mpevu mwanga umetapakaa juu ya maji yote, samaki hawakusanyiki taani, na mashua hukaa mchangani. Basi mwenye kutangaza sikukuu katika siku za giza amewaondoa wavuvi wa omena kabla hajaanza, maana hao hurudi asubuhi wamechoka, na wanawake wanaonunua omena huwa kazini mpaka jua kali. Mkulima aishiye upande wa mlima aweza asijue jambo hili hata kidogo. Yeye hutazama mvua. Huona watu wa ufukoni hawakuja, akasema wana kiburi.

Mkulima naye ana majira yake. Mvua za masika, kuanzia Machi hadi Mei, ni za kupanda na kupalilia, na katika miezi hiyo hakuna mwenye akili atakayetoka shambani kutazama mpira siku nzima. Mtu angefikiri kwamba mwezi wa Juni au Julai ungefaa, kwa kuwa sheria ya Kenya hufunga uvuvi wa omena toka Aprili hadi Julai ili samaki wapate kuzaliana. Lakini wakati huo fedha ni chache ufukoni, na wageni wengi, wasio na kazi, aghalabu huwa wamekwenda makwao. Ukiwaalika watu wakati ambapo hawapo, hukuwaalika.

Yabaki siku za juma. Ijumaa na Jumamosi ni siku za mazishi, na hakuna mtu atakayethubutu kupiga ngoma huku jirani akizika. Jumamosi pia wapo washikao Sabato. Jumapili ni siku ya kanisa kwa wengine wengi. Siku ya soko haifai kwa wachuuzi, ingawa inafaa kwa wenye kutaka umati mkubwa bila kujali ni umati wa nani. Kwa hiyo, mwenye kuhesabu kwa uangalifu hubaki na siku za katikati ya juma, mwezi ukiwa umekaribia kujaa, katika mwezi wa Desemba, shule zikiwa zimefungwa na watoto wa Usenge wafanyao kazi Kisumu, Nairobi na Mombasa wakiwa wamerudi nyumbani. Siku ya pili ya Krismasi hupendwa sana. Walakini miaka mingine siku hiyo huangukia katika giza, na hapo ingekuwa heri kuufuata mwezi kuliko kuifuata Krismasi.

Katika jambo hili watu wa Ziwa wanaweza kutazama pwani ya bahari. Huko Lamu sherehe ya Maulidi, ambayo Habib Saleh aliipa nguvu na ambayo Msikiti wa Riyadha huisimamia mpaka leo, hufanywa kila mwaka katika Mfungo Sita, na kando ya ibada hufanywa mashindano ya punda, ya mashua na ya kuogelea. Watu husafiri kutoka mbali, na hakuna anayengoja kutumiwa barua kuambiwa ni lini, kwa sababu mwezi wenyewe ndio tangazo. Dini ya Lamu si ya watu wengi wa Usenge, lakini mwezi ni ule ule. Sikukuu ikisemwa kuwa ni ya mwezi mpevu wa Desemba, mvuvi na mkulima na mtu wa kisiwani wataihesabu wenyewe, na mtu aliye Mombasa ataomba likizo mapema.

Jambo la pili ni saa, na hapa ndipo penye hatari. Watu wa Ziwa wanajua kwamba asubuhi maji ya kando hii huwa yametulia, na kwamba kuelekea alasiri upepo hugeuka ukavuma kutoka ziwani kuja nchi kavu. Kwa wavuvi wa tanga upepo huo ulikuwa neema, maana ule wa alfajiri uliwapeleka na huu wa mchana uliwarudisha. Lakini kwa mama wa Mageta aliyekuja na watoto watatu kutazama mpira, upepo huo humkabili usoni anaporudi kwake, pamoja na mawimbi. Tufani za Ziwa nazo hazipigi hodi. Kwa ajili ya mama huyo, sikukuu ya Usenge yafaa ianze saa mbili asubuhi na imalizike saa nane, na mashua za kisiwani ziwe zimeondoka kabla ya saa tisa.

Ni nani azuiaye jambo rahisi namna hii? Mara nyingi ni mgeni wa heshima. Kila apangaye sikukuu katika Kenya amemngoja mgeni huyo. Amealikwa saa nne, anatarajiwa saa sita, na motokaa zake huonekana saa kumi zikiwa zimejaa vumbi na wapambe. Fainali ya mpira imezuiwa kwa ajili yake, kikombe kimefunikwa kitambaa mezani, na wazee wamechomwa na jua. Kisha husimama akasema kwa muda wa saa nzima, na wenye kutaka viti katika uchaguzi ujao nao husimama kusema kwamba hawatasema mengi. Watu wa bara watarudi nyumbani wakilalamika tu. Watu wa Mageta wataingia katika mashua jioni, wengi kuliko inavyostahili, kwa kuwa kila mtu anataka kuvuka kwa safari moja kabla ya giza. Heshima kwa wakubwa ni jambo jema, na hakuna asemaye waachwe. Lakini kamati yenye ushujaa ingeandika katika barua ya mwaliko saa ambayo kikombe kitatolewa, awepo mgeni asiwepo, na ingemtafuta mzee wa Mageta kuwa tayari kukitoa.

Tena kila mashua ya abiria iwe na makoti ya kujiokolea kwa idadi ya watu wake, na mtu mmoja asimame majini na daftari, aandike majina ya waliokuja asubuhi na kuyaita wanapoondoka. Majina ya kweli, pamoja na jina la kwao na la ndugu wa kupelekewa habari. Kazi hii ya karani ni ndogo, tena haina sifa wala kipaza sauti. Daftari hilo likihifadhiwa baada ya sikukuu, na likiongezwa majina ya wavuvi wa ufukoni na namba za simu za wenye mashua za injini, litakuwa limefanya jambo ambalo mabaraza mengi hayakuweza kulifanya. Siku mashua isiporudi watu watajua la kufanya katika robo saa ya kwanza.

Juu ya kamati yenyewe, mfano mzuri uko hapo hapo ufukoni. Kanuni za mwaka 2007 za usimamizi wa fukwe ziliweka kila ufuko wa uvuvi uwe na chama chake, ambacho watu hukiita BMU, na zikasema halmashauri yake iwe na watu 9 hadi 15. Katika hao, sehemu 30 kwa mia wawe wenye mashua, 30 kwa mia wawe wavuvi walioajiriwa, 10 kwa mia wachuuzi wa samaki, na 30 kwa mia wengine wenye kazi za uvuvi. Tena wanawake wasipungue watatu. Aliyeandika kanuni hizi alijua kwamba mwenye mashua na mwajiriwa wake hawataketi meza moja wasipolazimishwa. Kamati ya sikukuu ingeweza kuchukua mfano huo na kuongeza mkulima wa upande wa mlima, mtu wa Mageta, mwalimu, na naibu wa chifu. Na jadak awemo, si kama mgeni wa kukaribishwa, bali kama mwenye kushika funguo za ghala au daftari la fedha. Mtu akipewa mzigo wa kijiji huanza kujiona kuwa ni wa kijiji, na majirani nao hulizoea jina lake.

Fedha nayo haifichiki. Waluo wana historia ya kuchanga. Jumba la Ofafa Memorial mjini Kisumu lilijengwa kwa michango ya Luo Union, kumkumbuka Ambrose Ofafa, mjumbe wa Baraza la Mji wa Nairobi aliyeuawa mwaka 1953, na linasimama hata leo. Lakini wananchi wa siku hizi wamechangishwa mara nyingi mno na kuambiwa hesabu mara chache mno, na huo ndio ugonjwa wa sikukuu nyingi za vijijini: mwaka wa kwanza zinanoga, mwaka wa pili watu hunong'ona, mwaka wa tatu hazipo. Dawa yake inajulikana, nayo hutumika matangani, ambako michango husomwa mbele ya watu. Sikukuu nayo isomewe hesabu yake uwanjani kabla ya watu kutawanyika, pamoja na bei ya mchele na ya mafuta ya injini, hata kama usomaji huo unachosha. Asiye na fedha alete samaki au kikapu cha viazi, na kiandikwe katika daftari lile lile.

Michezo haihitaji maneno mengi, kwa kuwa Usenge ina vijana na uwanja na maji. Mpira utakuwapo. Mashindano ya mashua ya makasia yafaa sana, hasa kama kila mashua itachanganya watu wa mlimani, wa ufukoni na wa kisiwani. Mkulima asiyejua kasia atachekesha umati kuliko mcheshi yeyote wa kulipwa. Ajua iwekwe chini ya mti kwa wazee, na nyatiti na orutu zipigwe na wale wanaozijua. Na lile lililokuwa katika saga lirudi kidogo: asubuhi, kabla ya mchezo wowote, watu wafanye kazi moja pamoja kwa muda wa saa moja, kama kusafisha ufuko au kufukia mashimo ya njia iendayo majini. Disko aachiwe mwenye kutaka kukesha, lakini iwe baada ya mashua za Mageta kufika salama na simu kupigwa kwamba zimefika.

Usiku wa mwezi mpevu katika Usenge ni mzuri kuutazama. Mashua za omena zimelala mchangani na taa zake hazijawashwa. Vijana walioajiriwa kuvua, ambao usiku mwingine wangekuwa mbali majini, huketi juu ya kingo za mashua wakipiga soga, wengine wakicheza drafti kwa vizibo vya soda, mmoja akimsimulia mwenzake habari za kwao ambako hajafika kwa miaka mingi. Kutoka hapo mpaka nyumba ya kwanza ya wakulima ni mwendo mfupi kwa miguu, na mbwa wa nyumba hiyo husikika wakibweka.